Kiota cha Tisa

Mimi ni mtoto wa Masisi, upande wa Lushebere, na hakuna mtu aliyenishika mkono. Maziwa ya ng'ombe wa baba niliyateremsha mwenyewe kwa chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, hadi sokoni, na masomo yangu yalitoka kwenye magurudumu hayo ya mbao. Nilisoma hadi Kisangani, nikapata diploma ya usimamizi wa mazingira, kisha nikarudi. Wengi niliosoma nao wamebaki mijini wakisubiri ofisi. Mimi nilirudi, na ninalisema kwa sauti kwa sababu ni kweli.

Kazi niliyopewa ni kuongoza kikosi kidogo katika hifadhi ya milimani, juu ya Kibua, mahali ambapo malisho yetu ya Masisi yanakwisha na msitu wa Walikale unaanza. Ni hifadhi kubwa. Ukisimama mgongoni mwa mlima asubuhi, unaona vilele vikifuatana mpaka macho yanachoka, na chini yake mabonde yasiyo na hata njia ya mbuzi. Tumewahi kutembea siku tano bila kukutana na shamba. Nimeona huko mbega wakiruka na mikia yao myeupe, hondohondo ambao mabawa yao unayasikia kabla ya kuwaona, na nyayo mbichi za chui kwenye tope tulilokuwa tumelikanyaga dakika chache kabla. Sokomutu, yaani sokwe, tuliwasikia wakipiga kelele kila siku. Lakini kazi yetu hasa ilikuwa ngagi, yaani gorila.

Ngagi hawahesabiwi kwa kutazamwa. Majani ni mazito, na dume mwenye mgongo wa fedha hapendi wageni. Unahesabu vitanda vyao, na unapima kinyesi kilichobaki humo ili kujua ukubwa wa aliyelala. Kila jioni, kila mmoja hukunja matawi na majani, akajitengenezea kiota chini, akalala, na asubuhi akakiacha. Mtoto anayenyonya tu ndiye hulala na mama yake. Familia tuliyoifuata ilikuwa na viota tisa. Nilivihesabu asubuhi tatu mfululizo, na mimi sikosei kuhesabu.

Tulikuwa watatu. Dada mmoja wa Kibua alibeba fishi, karatasi ya hesabu, na kuandika. Mbele yetu alitembea pisteri, mfuata nyayo, mzee wa Walikale ambaye alikuwa mwindaji kabla ya kuacha mitego na kuingia kikosini. Tulimwita Papa. Chef, mkuu wa posti, yaani kituo chetu, hakumwamini hata siku moja. Aliniambia akiwa amesimama karibu naye:

"Siku ngagi moja itapotea, mimi sitatafuta mbali. Ule muwindaji wako atarudi kwake."

Papa alisikia. Aliendelea kunoa panga.

Jioni moja mvua ya mawe ilipiga mlima. Siku mbili kabla ya hapo tulikuwa tumeokota waya wa mtego, umekatika, katika bonde ambalo zamani Papa aliwinda. Asubuhi baada ya mvua tulifika mahali familia ilipolala, nikahesabu. Nane. Nikazunguka tena, nikipasua vichaka kwa mikono. Nane. Kilichokosekana kilikuwa kile kidogo, cha ukubwa wa ungo, cha mtoto aliyeachishwa ziwa mwaka huu. Sifichi: niliwaza ule waya, kisha nikamwaza Papa.

"Andika nane," nilimwambia dada.

Akaandika taratibu sana, kama mtu anayechonga. "Kaka, hii nane ikifika posti, Papa anarudi kwake leo."

"Siandiki watu, naandika viota."

Papa alichuchumaa kando ya kiota kimoja, akaniuliza bila kunitazama:

"Mavi umepima?"

"Kinyesi nimepima. Donge moja kwa kila kiota."

"Moja, moja?"

"Moja inatosha."

"Lile la juu juu, lenye halikuchafue mikono." Akageuka. "Bwana Diplome, ile karatasi yako inaogopa mavi?"

Dada alicheka mpaka fishi ikamwanguka.

"Mavi njo karte yao ya kura," Papa akasema, maana kwetu kadi ya kura ndiyo kitambulisho. "Wewe unasoma ya mama, ya mutoto unaacha."

Maneno hayo yaliniuma mahali pabaya. Nimekulia kwenye zizi. Mavi ya ng'ombe niliyakanyaga pekupeku kabla sijajua kusoma, na asubuhi za baridi niliipasha miguu joto humo. Hakuna mtu wa Lushebere wa kuambiwa anaogopa mavi. Nilikunja mikono ya shati, nikapiga magoti, nikaanza upya, kiota kwa kiota, nikifunua majani moja moja.

Katika viota vitatu vya kwanza madonge yalilingana. Cha nne kilikuwa chini ya gogo lililoinama, mahali ambapo mawe ya mvua hayakufika, kipana na kimelaliwa vibaya. Ni cha jike, mama wa yule mtoto. Juu palikuwa na madonge makubwa, ya kwake. Chini ya majani, yamekandamizwa, nilikuta mengine madogo kama ndimu. Nilitoa kipimo changu cha chuma chenye taya mbili, nikapima mara tatu. Hayakufika nusu ya yale ya mama.

"Lakini huyu haendi tena kwa mama," nilisema. "Ana kiota chake."

"Mvua ya mawe," Papa akasema. "Batoto yako, radi ikipiga, hawaingie kwa mama yao?"

"Sina watoto bado."

"Ah. Njo maana."

"Diplome haizae," dada akaongeza.

Nilichukua kalamu mwenyewe. Nikakata nane, nikaandika tisa, nikaweka sahihi yangu pembeni pamoja na cheo changu chote. Donge moja dogo nilifunga kwenye jani, nikalitia mfukoni.

Posti tulifika alasiri. Chef aliona ule mkato kabla ya kitu kingine.

"Hapa mulikata sababu gani?"

Nikaweka jani juu ya fishi, nikalifungua.

"Toa kwa meza yangu!"

"Ni mtoto. Alilala na mama yake."

"Nani amehakikisha?"

"Nilipima mimi," nilisema, na hilo lilitoka haraka. Lililofuata lilichelewa kidogo. "Papa ndiye alinionyesha pa kupima. Mimi nilikuwa nimeshaandika nane."

Alisoma fishi mpaka chini, akatazama tena lile donge.

"Basi, ule muwindaji wako kesho aingie tena musituni."

Nilimkuta Papa nyuma ya jiko. Blanketi lake lilikuwa limekunjwa na kufungwa kamba, sufuria yake ndogo imening'inia juu yake.

"Unaenda wapi, Papa?"

"Kwenda wapi? Blanketi ililowa. Nakunja ikauke."

Blanketi lililokunjwa halikauki, na hilo sikuhitaji kwenda Kisangani kulijua. Nilimwambia kesho tunaondoka saa kumi na mbili, yeye mbele. Aliangalia mawingu upande wa Masisi, akafungua kamba, akalianika kwenye uzio.