Sekunde Mbili za Sataranji

Mwandishi wa programu tunayekaa naye ofisini anatengeneza mchezo wa sataranji wa kwenye simu. Huchora ubao kwa penseli, kisha huugusa mraba baada ya mraba, midomo ikihesabu. Akikasirika hushusha sauti. Jana meneja alimtaka aingize kwenye mchezo majedwali ya njia zote za kete, yakiwa yamekokotolewa kabisa, ili mchezo uokoe sekunde mbili za kufikiri.

"Mchezo utakuwa mzito, utajaza simu za watu," dada alimwonya meneja.

"Nafasi ni bei chee siku hizi, dada."

Hapo dada akatoa simu kuukuu mkobani. "Hii ni ya mama. Majedwali yakiingia humu, lazima afute picha za marehemu baba. Haya, mchagulie za kufuta."

Meneja akapitisha picha tatu, nne, akairudisha simu kwa mikono miwili. Majedwali hayakuingia. Dada wa watu aliongea kwa sauti ya chini mpaka saa ya kutoka.