Fundi Sindano na Mtihani wa Kijerumani

Jina la Sindano alipewa na wateja, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Ukimpelekea suruali inayobana, atakuambia suruali haina kosa, kosa ni la tumbo. Lakini hayo ni kwa wa rika lake. Aliyemzidi umri hamwagizi hata kikombe cha maji. Atainuka akachote mwenyewe. Ndivyo mama yake alivyomlea, na mama yule, namkumbuka vizuri, hakuwa na mchezo.

Mumewe anaoka mikate Ujerumani. Wanaonana kwenye simu tu, na simu haimshiki mtu mkono. Ili amfuate, ilimpasa afaulu mtihani wa Kijerumani cha wanaoanza. Mara ya kwanza alianguka kwenye sehemu ya kuzungumza. Akajiandikisha tena.

Basi akawa anasoma huku anashona, mguu kwenye pedeli, midomo ikimchezacheza. Mimi hupumzisha magoti kwenye benchi lake, ndipo nilipoyasikia. Kumbe Wajerumani kila kitu wamekipa kijineno cha kukitangulia: der, die au das. Koti ni der Mantel. Likining'inia lenyewe, linabaki na der yake. Ukilishika ukalishona, yaani limekuwa lenye kutendewa, der inageuka den. Ich nähe den Mantel, nashona koti. Lakini mkasi, die Schere, utumie utakavyo unabaki na die yake, na shati, das Hemd, vilevile na das yake.

"Kwa nini wakamsumbua mmoja tu?" nikamuuliza.

"Sijui, babu. Mwalimu kasema nisiulize, nishone."

Akabuni njia yake. Kila kitu cha der alikibania kipande cha kitambaa kwa pini, upande mzuri ukiwa nje. Akikishika kukifanyia kazi, anakigeuza kile kitambaa, upande wa ndani unatokeza, na mdomo unasema den. Dereva mmoja wa lori akalikuta koti lake limebanwa hivyo.

"We Sindano, koti langu unalitia kiraka kabla halijachanika?"

"Niachie, linasoma. Lingekuwa na kichwa chako lingeshafeli."

Siku ya mtihani akapangwa na mzee mmoja mwenye mvi, fundi wa friji, aliyekuwa akimfuata mkewe muuguzi hukohuko Ujerumani. Watahini wawili walikaa mbele yao. Kila mmoja achukue kadi yenye picha, amwombe mwenzake kitu kilichochorwa. Sindano akapata penseli, na penseli yenyewe ilikuwa mezani mbele ya mzee. Maneno alikuwa nayo: Geben Sie mir bitte den Bleistift, tafadhali nipe penseli. Akazitazama zile mvi.

Akainuka, akainama kwa adabu, akaichukua penseli kwa mikono miwili, akarudi kuketi. "Ich nehme den Bleistift," akasema. Nachukua penseli.

Alivyonisimulia, ndipo nilipojua kilichomwangusha mara ya kwanza. Siku ile alipangwa na mama mtu mzima, akakaa kimya mpaka muda ukaisha.

Mtahini mmoja akamwambia polepole kwamba alichosema ni sahihi, ila hapa anatakiwa aombe, si ajichukulie. Ampe mwenzake penseli, waanze upya.

Mzee wa friji akaipokea, akamwinamia akanong'ona kwa Kiswahili, jambo ambalo kwenye mtihani haliruhusiwi: "Mwanangu, niagize. Usiponiagiza nitakujibu nini? Tutafeli wote, na mimi mke wangu nimemkumbuka sana."

Mtahini akakohoa. Sindano akashusha pumzi.

"Samahani, baba," akasema kwanza, kwa Kiswahili naye. Kisha akamtazama usoni: "Geben Sie mir bitte den Bleistift."

"Bitte schön!" mzee akajibu, yaani haya chukua, kwa sauti ya kuita abiria, akamkabidhi.

Majibu yalipotoka, wote wawili walikuwa wamefaulu. Si kwa maksi za kujivunia, lakini mlango hauulizi umeingia kwa maksi ngapi. Mumewe alipopiga simu, nilikuwapo benchini. Mume huyo naye kamzidi Sindano umri kwa mbali.

"Nitafutie meza ya cherehani," Sindano akamwambia. "Einen Tisch, meza moja. Uiweke karibu na dirisha."

"Tangu lini unaniagiza, mke wangu?"

"Tangu siku ya mtihani. Na iwe nzito, isitikisike."