Rubani Aliyeshikwa Mkono

Nimeendesha helikopta miaka mingi, lakini sijawahi kuanika nguo kwenye roshani ya nyumba yangu. Tulikuwa tukiishi ghorofa ya nne kule Kileleshwa, Nairobi, na nikikaribia tu vile vyuma vya roshani, nilirudi ndani na beseni la nguo.

"Unapeleka watu mawinguni," mke wangu alikuwa akiniambia, "halafu soksi zako zinakushinda kuanika!"

Nilimweleza kwamba angani kuna kiti, mkanda na injini inayonguruma. Roshani ina nini? Hakuelewa. Hata mimi sikuelewa vizuri.

Siku moja, miaka hiyo ya elfu mbili, nilitumwa upande wa Narok kumchukua mama mjamzito. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni na mvua ilikuwa imekata barabara. Mumewe alipanda naye, na njia nzima alikuwa akinigusa bega.

"Kapteni, tumefika?"

"Bado kidogo, mzee."

Nilitua juu ya paa la hospitali moja ya Upper Hill, polepole kama mtu anayeweka yai mezani. Wauguzi wakaja mbio na machela, wakaingia ndani na mgonjwa, mumewe akiwafuata nyuma. Nilijiona mwanamume kamili, miwani myeusi na yote.

Kisha redioni nikaambiwa ningoje. Mkubwa fulani alikuwa anasafiri, na anga ilikuwa imefungwa. Nikazima injini. Katika kile kimya ndipo nilipokumbuka kwamba asubuhi nilikunywa chai karibu birika zima.

Mlango wa kuingia hospitalini haukuwa mbali. Lakini paa lile halikuwa na ukuta, ila wavu mwembamba pembeni, na chini ya wavu, Nairobi yote. Nikafungua mlango wa helikopta, nikashusha mguu mmoja. Nikaurudisha.

Muuguzi mmoja wa makamo akachungulia. "Kapteni, si ushuke unywe chai?"

Chai! "Asante sista, naangalia mitambo kwanza."

"Lakini si umezima?"

"Ndiyo maana naiangalia."

Akaja karibu, akatazama mikono yangu ilivyokumbatia kiti. "Unaogopa?"

Ningekuwa na muda ningemdanganya. "Sana," nikasema.

"Nipe mkono. Angalia viatu vyangu, usiangalie kitu kingine."

Tukavuka paa hivyo, mimi nimeinama kama mtu anayetafuta sindano. Viatu vile bado naviona: vyeupe, cha kushoto kimeshonwa kwa uzi mweusi.

Kwenye korido, yule mume akaniona nikiongozwa. Akashtuka. "Yesu wangu! Huyu naye amepatwa na nini?"

"Hana shida," sista akamjibu. "Nampeleka choo."

Niliporudi nikaketi na yule mume kwenye benchi, nje ya chumba cha upasuaji. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hata tukiwa kule juu, ulikuwa unaogopa?"

"Hapana. Kule siogopi."

Akalitafakari jibu hilo. "Nashukuru hukuniambia mapema."

Tulikuwa bado tumeketi pale daktari alipotoka akatuambia ni msichana, na mama yake yuko salama. Yule bwana alinikumbatia akalia begani kwangu. Nami nikalia, kwa sauti kubwa kuliko yake, mpaka daktari akauliza baba wa mtoto ni yupi.

Anga ilipofunguliwa, wawili hao walinirudisha juu, kila mmoja upande wake. Sista akahakikisha nimekaa, baba wa mtoto akanifunga mkanda kwa mikono yake mwenyewe, akauvuta kuona kama umeshika. Walipofika mlangoni wakapunga mikono. Nikawasha injini, nikapaa juu ya jiji lote bila wasiwasi hata kidogo.