Bwana Harusi Aliyejipigia Zeze

Mwaka 1966, nikiwa na miaka kumi na tisa, shida ilianza kwetu Kionga, kusini mwa mto Rovuma. Wareno walitukusanya sehemu moja karibu na kambi yao, wakakataza ngoma. Walisema ngoma zinapeleka habari kwa wapiganaji msituni. Wapigaji wetu wote wakavuka Rovuma pale Namoto, wakaenda zao Tanganyika, kama tulivyokuwa bado tunaiita. Nikabaki mimi na zeze langu: kifuu kikubwa cha nazi kilichowambwa ngozi ya kenge, fimbo, na uzi mmoja. Wenye ngoma walikuwa wakinicheka zamani. "Huo si muziki," walisema, "hiyo ni njaa inalia."

Watu huniuliza inakuwaje mtu kupiga muziki peke yake. Shule sikuikalia, lakini hili nalijua. Mwenye kundi akichoka, mwenziwe humpokea. Akisahau maneno, ngoma humfichia. Mimi sina wa kunipokea wala wa kunifichia. Niliyajua hayo vizuri siku niliyooa.

Ndoa ilifungwa Ijumaa baada ya sala. Nikaenda kumchukua mke wangu, nikamkuta bibi yake, aliyemlea, amekaa katikati ya mlango.

"Ngoma iko wapi, mume wangu?" bibi akaniuliza.

"Bibi, si unajua zimekatazwa."

"Anayetoka kimya ni aliyeachika. Mjukuu wangu mwari. Akitoka kimya leo, kesho watasema alishaolewa kwingine. Nenda Tanganyika ukawalete wapigaji. Mimi nipo."

Nilidhani ni utani wa bibi na mkwe. Haukuwa utani. Na jamaa za mke wangu walikuwa wanajiandaa kuvuka mto wiki ile ile. Nikirudi mikono mitupu, watavuka naye, nabaki na mke wa ng'ambo.

Nikaenda kuchukua zeze. Watu wakaguna, maana kwetu bwana harusi siku yake hufunga mdomo. Sipai, askari wa Wareno aliyewekwa kutuchunga, akanifuata.

"Hiyo ngoma?"

"Ngoma ina ngozi ya ng'ombe. Hii ni ya kenge tu."

"Piga nisikie."

Nikapiga.

"Hii habari yake haifiki hata kwa jirani," akasema, akaenda kukaa kivulini.

Wimbo wa kumtoa mwari una desturi yake. Mwimbaji huita, wanawake wa nyumba ile huitikia. Wakiitikia, wamemtoa. Nikaita. Kimya. Bibi alikuwa amewakazia macho, hakuna aliyethubutu kufungua mdomo. Nikaita tena. Kimya.

Basi nikajiitikia mwenyewe. Nilibana sauti ikawa ya kike, nikarudi kwenye yangu, nikaita tena. Nikawa shangazi mnene mwenye pumzi fupi, nikawa kizee asiye na meno. Watu wakaanza kuangua vicheko, hata sipai. Kanzu imelowa jasho, mkono unauma, na siwezi kuacha, kwa sababu nikiacha mimi harusi nzima imenyamaza.

Wimbo ule una kiitikio kirefu cha mwisho, ambacho wanawake wa Kionga hujivunia. Nikakiparamia, nikakikata katikati.

"Unaitikia kama mbuzi," bibi akasema. "Kinavutwa hivi."

Akakivuta, chote, mpaka mwisho. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko zeze langu.

Vigelegele vikalipuka nyumbani mle. Bibi akaziba mdomo kwa kanga, lakini ameshachelewa. Aliyeitikia ametoa.

"Mume wangu, umeniibia," akasema, akajisogeza kando ya mlango, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Sikumwibia. Nilimwimbia peke yangu mpaka akashindwa kunyamaza. Kundi zima la ngoma lisingeweza, maana lingekuwa na waitikiaji wake.

Leo nina nyumba ya bati yenye sakafu ya saruji. Nina minazi inayozaa, shamba la mpunga, mbuzi, baiskeli na redio. Nina zeze lile lile, limebadilishwa ngozi na uzi. Nina mke yule yule. Nikijiitikia, hunisahihisha kutoka jikoni.