Chemchemi Niliyoiandika Kuwa Safi

Nimekosa, na kosa langu lina majina ya wanawake wawili. Mmoja alifukuzwa kazi. Mwingine alizikwa. Nawaandikia ninyi msionijua kwa sababu wanaonijua nimeshindwa kuwaambia.

Nilikuwa karani wa kumbukumbu katika kituo cha utafiti hapa Kakamega, miaka ile miwa ilipokuwa miwa kweli. Kituo kilikuwa na miradi mingi: mbegu mpya za miwa, udongo, maji ya visima, maji ya chemchemi. Karatasi zote zilipitia mezani kwangu, nami nilizinakili katika daftari kubwa ambalo Daktari, mkubwa wetu, alilitumia kuandika barua kwa vijiji.

Mradi wa visima na ule wa chemchemi yote miwili ilihesabu kuanzia moja. Kwa hiyo kulikuwa na sheria: kabla ya namba andika K kwa kisima, C kwa chemchemi. Sheria rahisi. Mtoto wa shule angeifuata.

Ijumaa moja wakata miwa walikuwa wanakuja shambani kwangu Butere. Zamu ikikupita, unakaa miezi ukitazama miwa ikikauka. Nilinakili majibu ya maabara haraka haraka, orodha mbili, bila herufi. Nikasema nitazitia Jumatatu.

Jumatatu sikukumbuka orodha ipi ni ipi. Karatasi zenyewe zilikuwa kwenye kabati la chumba cha pili, na mwenye ufunguo alikuwa hajafika. Ningengoja nusu saa tu. Sikungoja. Nilibahatisha, nikaandika K juu na C chini.

Barua zikatoka. Kisima kimoja Musanda, chenye maji mazuri, kikafungwa kwa kufuli. Chemchemi ya huko huko, iliyo chini ya mashamba ya miwa, ikaambiwa ni safi, na watu wote wakahamia huko na mitungi yao.

Baada ya wiki chache tukasikia habari za taifodi. Wengi waliugua, wakapona. Mama mmoja kijana anayeitwa Nekesa hakupona. Aliacha mtoto ananyonya.

Daktari akataka kuona karatasi za maabara. Nilikwenda kabatini kabla yake. Nilipozifungua nikaona orodha nilikuwa nimezigeuza. Nikazikunja, nikazitia ndani ya shati.

"Ziko wapi?" Daktari akaniuliza.

"Hazikunifikia," nikasema. "Mama Rispa ndiye hubeba za maabara. Mimi aliniletea namba zilizonakiliwa tu."

Mama Rispa ndiye aliyekuwa akizunguka vijijini kwa baiskeli kuchota maji kwenye chupa. Mjane, mtu wa kanisa, umri wa mama yangu. Aliitwa, akaambiwa amechanganya chupa na amepoteza karatasi. Alinitazama, mimi nikatazama taipureta. Akasema, "Chupa zangu sikuchanganya," basi. Siku hiyo hiyo alirudisha baiskeli.

Nilizichoma karatasi jikoni mke wangu akipika obusuma, ugali wetu. Aliniuliza ni nini, nikamwambia ni takataka za ofisi.

Niliendelea na kazi. Hata niliongezwa cheo. Lakini kila nikiandika namba nilikuwa nairudia mara tatu, nne, mpaka wenzangu wakanicheka. Nikinywa maji kwa mtu, nilikuwa namwona Nekesa, ambaye sikuwahi kumwona.

Baada ya miaka mingi nilimtafuta Mama Rispa. Nilimkuta Lumakanda kwa kaka yake, anapukuchua mahindi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Hakuacha kupukuchua.

"Nilijua," akasema. "Kila chupa niliiandikanga kwa daftari yangu. Iko hapo ndani."

"Mbona hukumwonyesha Daktari?"

"Aliniuliza? Wewe ndiye aliulizwa. Nikasema huyu kijana ana mama, atasema tu. Nikangoja. Mwaka wa kwanza nilingoja sana."

Nikapiga magoti nikaomba msamaha. Akaniambia niinuke, nachafua suruali.

"Mimi nilikusamehe zamani, nilichoka kukubeba," akasema. "Lakini usikuje kulilia huku. Mimi niko hai. Enda Musanda. Yule mtoto sasa ni mtu mzima, na anaambiwanga mama yake aliuawa na maji ya Mungu."

Sijaenda. Ndiyo aibu yangu ya pili. Nimefika mpaka njia panda ya Musanda mara mbili, nikarudi.

Wewe uliye mbele ya daftari au kompyuta leo, ukisahau, sema umesahau. Ngoja ufunguo uje. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama sauti inatetemeka, kabla mtu mwingine hajaitwa ofisini kwa ajili yako. Mimi ningesema siku ile ningefukuzwa kazi, yangeisha. Sasa nina safari ya Musanda, na sijui nitamwanzaje mtoto wa watu.