Kushuka Fizi mpaka Baraka na yaya yangu kwenye rally: siku alama za mihogo zilipopotea

Wakuu, salamu kutoka kando ya ziwa, Baraka, Sud-Kivu.

Humu ndani mimi ni msomaji tu. Nasoma nyuzi zenu za magari, nacheka, napita. Leo niacheni niseme la kwangu. Sikusimuliwa na mtu, lilinipata mimi mwenyewe, na mwenye kubisha aje Baraka aulize.

Kiswahili changu ni cha Fizi. Nitajikaza kuandika chenu, lakini nikifika penye woga kitarudi cha kwetu. Mtanivumilia.

Kwanza mnijue. Naitwa Faida, na mimi ni muoga. Naogopa radi, naogopa boti, naogopa hata bata wa jirani. Nyumbani wananicheka tangu utoto na mimi nimezoea.

Yaya yangu Wilondja (yaya kwetu ni mkubwa wako, awe wa kiume ao wa kike) yeye haogopi kitu. Ni fundi magari, na hiyo ya kutoogopa njo (ndiyo) shida yake.

Tuko wawili tu kwa mama. Alizaa wengine, Mungu akawachukua, tukabaki sisi.

Njo maana mama yuko na sheria moja nyumbani. Mimi na yaya hatupandi chombo kimoja. Tukienda Kazimia kwa boti, yaya anatangulia leo, mimi nafuata kesho. Tukienda msiba Nundu, yeye kwa moto (pikipiki) hii, mimi kwa moto ile. Mama hakuwahi kueleza sababu, na sisi hatukuwahi kuuliza, maana inajulikana.

Sasa muone ajabu.

Mafundi na vijana wa hapa walipanga mashindano ya magari. Kuanzia Fizi centre kule mlimani, kushuka mpaka Baraka. Njia ilikuwa na amani kidogo, wakubwa wakakubali kuifunga asubuhi moja, gari moja inaondoka, mnangoja kidogo, ingine inafuata. Walikuja hata watu wa Uvira.

Yaya akajiandikisha. Copilote wake, yule wa kukaa pembeni na kumsomea njia, alikuwa rafiki yake wa garage. Rafiki akashikwa na malaria kali.

Yaya akaniangalia mimi.

Nikasema hapana. Nikasema tena hapana. Lakini wakuu, njia ile naijua. Papa yetu aliendesha camion, lori kubwa, miaka mingi kati ya Uvira na Fizi, na likizo nilikuwa nakaa naye ndani ya cabine. Na niko na kichwa cha kushika maneno, nikisikia kitu mara mbili hakitoki. Yaya akaniambia, "Faida, bila we mi sitashuka. Na nisiposhuka hii mwaka, basi tena." Alisema polepole, hata hakunibembeleza, na hiyo njo ilinimaliza.

Tulidhani mama atakataa. Jioni akasema tu, "Muende. Mungu anabaona."

Basi nyumba yote ikaamka. Papa akatoa Corolla yake ya zamani, ile tunaita Koko, volant, usukani, iko mkono wa kuume kama magari mengi yanayoingia kutoka ng'ambo ya ziwa. Tantine, shangazi yetu, akatushonea makombinezo mekundu, ovaroli za mashindano. Bamama wa kanisa wakatuweka kwenye maombi.

Sasa nieleze kidogo habari ya alama, maana bila hiyo hamtanielewa.

Copilote anatakiwa amwambie pilote, dereva, kona inakuja kabla hajaiona. Wenzetu wa Uvira walikuwa na vipimo vyao vya mita. Sisi tulikuwa na njia ya papa.

Papa alitufundisha hivi: ukitaka alama ya barabara huku kwetu, usichague mti, utakatwa uchomwe makala, makaa ya kupikia. Usichague shimo, mvua itafungua lingine. Usichague kibao, kitaibiwa. Chagua mama mwenye kuanika mihogo.

Nacheka nikiandika, lakini ni kweli tupu. Kwenye ule mteremko bamama wanaanikaka mihogo pembeni ya barabara, juu ya bashi, yale maturubai ya plastiki. Kila mmoja na nafasi yake. Hata akilala mgonjwa, mtoto wake ataanika palepale.

Basi tukapanda na kushuka mara nyingi, na mimi nikawashika kwa majina, mmoja baada ya mwingine. Mama Sifa, kushoto, punguza. Mama Mapacha, nyoosha, kanyaga. Mama Shemasi, kuume, shika gia ya pili. Yaya anasikia jina la mama, mkono wake unajua cha kufanya.

Wa mwisho alikuwa mmoja hatukumjua jina. Ni mkimbizi wa Burundi, mgeni pale, analima shamba la kukodi. Bashi yake ilikuwa ya bluu, imechakaa. Nilimuita tu Bashi ya Bluu. Alikuwa kabla ya kona mbaya kuliko zote, kona ya kuume ambayo upande wa kushoto ni ravin, korongo refu, na chini kabisa kuna cabine ya camion iliyoanguka zamani, nyasi zimeota ndani yake. Papa akipita pale alikuwa anazima radio.

Mama yetu hakujua kitu kuhusu hizo alama. Hatukumwambia. Kwetu mambo ya hatari mama haambiwi, utamnyima usingizi bure. Naye mama akiwa na woga wake hasemi, atatunyima usingizi sisi. Ndivyo tunavyopendana nyumbani kwetu.

Siku moja kabla, tuliotangulia Fizi ni mimi, yaya na papa; mama alibaki Baraka. Tulipopanda, bamama wote walikuwa nafasi zao, nikawahesabu kwa mdomo kama ninasali.

Asubuhi ya mashindano sikuweza kumeza hata chai. Kofia ya moto niliyopewa ilinuka jasho la mtu mwingine. Papa akaja dirishani upande wangu, mgongo wake unamuuma, akainama kwa shida. Akasema, "Faida, usinyamaze. Ukinyamaza, yeye iko kipofu."

Bendera ikashuka, tukaondoka.

Mwanzo kulikuwa tambarare kidogo, nikaanza kupumua. Vumbi la gari la mbele lilikuwa bado linaning'inia, unaona hapa, mbele huoni. Yaya alikuwa anakanyaga sana. Nikaandaa jina la kwanza mdomoni. Mama Sifa.

Nikaangalia pembeni. Majani matupu.

Nikajiambia labda bado. Kona ikatokea yenyewe puani, yaya akaikata kwa bahati, Koko akalia kila mahali.

"Juu ya nini husemi?" yaya akauliza.

"Haiko."

"Nini haiko?"

"Mama Sifa haiko."

"Amekufa?"

Ningekuwa mahali pengine ningecheka. Nikatafuta Mama Mapacha. Haiko. Mama Shemasi. Haiko. Bamama wote walikuwa wamefutwa kwenye ile barabara. Na mimi kichwa changu kiko kama shanga, ukikata moja zote zinamwagika. Sikujua tena tuko wapi. Kona hii ni ya nani? Hii tuliyopita ni ipi?

Mi nilianza kulia, wakuu. Silifichi. Nilikuwa naona mama yetu na jeneza mbili. Sikuona langu wala la yaya, niliona mbili pamoja, na mama katikati hajui aegemee lipi.

Nikamwambia yaya asimame. Akasema frein, breki, imeanza kunuka. Kweli ilinuka, harufu ile kila mtoto wa dereva anaijua. Kwenye mteremko ule ukishikilia frein sana inachemka, halafu unakanyaga na hakuna kitu. Alikuwa anamshika Koko kwa gia, gari inanguruma, inapungua kidogo, inateleza tena. Na nyuma yetu gari ya Uvira ilikuwa imeshaondoka.

Akasema, "Sema kitu. Chochote. Mi naogopa ukinyamaza."

Yaya kusema anaogopa. Sijawahi kulisikia neno hilo mdomoni mwake tangu nizaliwe. Hapo woga wangu ulizidi mpaka ukapita mahali pa kulia. Nikapangusa macho, nikaweka uso karibu na kioo, nikawa nasema ninachoona. Majani. Jiwe. Majani. Vumbi. Vumbi.

Bluu.

Kitu cha bluu pembeni, chini, ndani ya vumbi. Na kando yake mama mmoja amesimama na fimbo mkononi, hakutikisika.

"Bashi ya Bluu! Kuume, frein, frein!"

Yaya hakuuliza. Akashusha gia, akakanyaga, akakata. Matako ya gari yakatoka upande wangu. Nilisikia gurudumu la nyuma likimwaga mawe. Yale mawe yalianza kushuka, na sikuyasikia yakifika. Kupitia dirisha langu sikuona barabara, niliona ile cabine ya camion na nyasi zake.

Halafu Koko akauma ardhi, akavuta, tukawa tumepita.

Baada ya kona ile njia inanyooka mpaka Baraka, hata mimi naweza kuiendesha. Msiniulize tulikuwa wa ngapi. Hatukushinda.

Kwenye arrivée, pale pa kumalizia, bamama wa kanisa walikuwa wanaimba. Mama akanifungulia mlango mwenyewe. Akanishika mashavu, akamshika yaya, akarudi kwangu. Na kwa furaha yote hiyo akaanza kutuhadithia kazi yake.

Alisema alitoka alfajiri kwa moto, kabla njia haijafungwa. Akapita kwa bamama wote wa mteremko, mmoja mmoja, akawaomba waondoe mihogo. Juu ya nini? Mihogo inaita mbuzi. Mbuzi wanaita watoto wa kuwafukuza. Mbuzi mmoja katikati ya barabara, na sisi watoto wake wawili tuko ndani ya gari moja. Bamama wote walikubali, ni wenzake wa soko na wa kanisa.

"Isipokuwa mama mumoja tu, kichwa nguvu," akasema. "Ule wa Burundi. Anasema mihogo yake ingali mubichi, akikunja bashi itaoza. Anasema yeye mwenyewe atasimama na fimbo, atafukuza mbuzi. Nimemukasirikia sana."

Yaya alienda nyuma ya gari akatapika.

Mimi njo nilimueleza mama. Nilimueleza habari ya papa na alama, na majina, na kwamba tulikuwa tunashuka kwa kufuata mihogo ile. Wala sikupandisha sauti. Mbuzi wale wapo, wameshaua wapanda moto. Alichofanya mama ndicho mama yeyote mwenye akili angefanya.

Mama alikaa chini kwenye vumbi, na kikwembe chake kipya, kitenge cha sherehe. Hakulia. Akauliza tu, "Yote? Nilitoa yote?"

Nikamwambia, "Moja ilibaki."

Siku iliyofuata tulipanda kumuona yule mama. Anaitwa Mama Espérance. Alidhani tumekuja kugombana, akashika fimbo yake vizuri. Mama yetu alienda mpaka ukingoni, akaangalia chini kwenye ile cabine, muda mrefu hivi. Akarudi, akafungua kikwembe cha juu, akamfunga nacho yule mama kiunoni kwa mikono yake mwenyewe.

Akamwambia, "Mama, usitoe. Hata kama ni mi narudi kukuomba, usitoe."

Wakaanza kupindua mihogo pamoja ili ikauke upande wa pili, na mimi nikawasaidia.

Nilichojifunza, wakuu, si habari ya kuendesha. Ukimpenda mtu, mwambie unachomfanyia. Sisi tulimficha mama alama ili alale. Yeye akatuficha mbuzi ili tusiogope. Kila mtu alinyamaza kwa upendo, na upendo ule nusura utupeleke kwenye ravin. Siku hizi nyumbani kwetu tunaogopa kwa sauti, mezani, mbele ya bugali. Haipendezi lakini tunalala.

Wanataka kurudia mashindano. Yaya ameshaanza kumfungua Koko frein, na ananiangalia vile vile. Mama hajasema ndiyo, hajasema hapana. Amesema tu kwamba safari hii atapita kwa bamama kuwaomba waanike mapema.

Nyinyi mngepanda? Na wenye watoto wawili tu, mngewaacha gari moja? Niambieni ukweli, hata wa kuniumiza. Nitasoma yote.

Ila mjue kitu kimoja. Siku ile ya kwenda kumshukuru Mama Espérance, papa alitoa Koko tupande wote. Mama akasema papa aende na yaya.

Mimi nilifuata kwa moto.