Miguu ya Kondoa

Nimezaliwa milimani Kondoa, na nyumbani kwetu miguu ilikuwa jambo la kujivunia. Tulipanda na kushuka peku, tukikanyaga changarawe na miiba, na mtoto aliyelilia mwiba alichekwa mpaka akanyamaza. Mimi sikulia. Baadaye nikawa mwalimu, nikakagua miguu ya watoto wa watu mstarini kwa zaidi ya miaka thelathini, na mwenye nyayo chafu alinijua. Za kwangu sikuwahi kuzitazama. Za nini? Zilikuwa zinafanya kazi.

Nilipoambiwa nina kisukari nilikuwa nimeshastaafu, tunaishi Nkuhungu mimi na mume wangu. Kliniki nilikwenda kama msimamizi wa mtihani. Nesi, binti mdogo, aliniamkia vizuri, akaanza maswali, nami nikayajibu yote: chai bila sukari, dawa kwa saa zake, na hata ugali wa mtama una kipimo, si wa kujaza sahani eti kwa kuwa ni mweusi. Nilikuwa nimesoma kabla ya kuja, ndiyo tabia yangu. Akaniambia nivue viatu.

"Mwanangu, hapo usipoteze muda," nikamwambia. "Hii ni miguu ya Kondoa. Siku hizi hata nikikanyaga mwiba sisikii."

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Akachukua uzi mgumu wa plastiki, akaniomba nifumbe macho na niseme "ndiyo" kila atakaponigusa nyayo. Nikafumba. Nikangoja. Nje watu walikuwa wakipiga soga. Nikaona ananichelewesha.

"Anza basi, mwanangu."

"Nimemaliza, mama."

Nilikasirika, sifichi. Si kwa nesi. Niliikasirikia nafsi yangu, iliyojisifia ugonjwa ikidhani ni ushupavu. Akanieleza taratibu kwamba sukari ilikuwa imeanza kuua hisia za nyayo, na kwamba kidonda kisichouma kinaweza kuoza kimyakimya mpaka mguu ukatwe. Nisitembee peku hata uani. Nikaushe kati ya vidole kila nikiosha. Na kila siku, bila kukosa, nizitazame nyayo zangu, ikibidi kwa kioo. Nilirudi nyumbani na wazo moja tu: nilikuwa na miguu miwili, na nilitaka kuzikwa nayo yote miwili.

Kilichonitia haya zaidi ni kwamba mimi hutawadha mara tano kwa siku. Mara tano naosha miguu, na sikuwahi kuigeuza nikaitazama. Basi nikanunua kioo kidogo, nikakiweka uani karibu na ndoo ya udhu, pamoja na kitaulo. Kila alasiri, jua likiwa bado na nguvu, nikawa nakaa kwenye kigoda na kukagua. Siku ya kwanza tu mume wangu akanikuta.

"Mwalimu, umri huu unapodoa nyayo?"

"Nyani haoni kundule," nikamjibu. "Mimi nimeamua kuliona."

Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Lakini tangu siku ile, nikichelewa kidogo, yeye ndiye anayeniita: "Mwalimu, paredi!"

Siku moja tulitoka kupalilia alizeti kule Ihumwa. Nilikuwa nimevaa raba, nimetembea vizuri, sina malalamiko. Alasiri kioo kikanionyesha doa jeusi kisiginoni na damu iliyokauka. Mwiba wa mgunga ulikuwa umetoboa raba na kuzama wote, nami nilikuwa nimeutembelea kutwa. Mume wangu akakimbilia pini na mafuta ya taa, kama tulivyofanya enzi zetu.

"Rudisha," nikamwambia. "Washa pikipiki, twende kliniki kabla hawajafunga."

Nesi aliutoa mwiba, akasafisha, akanipangia siku za kurudi. Sikukosa hata moja. Kidonda kilipofunga alikiangalia kwa muda, kisha akasema, "Mama, huu mguu umeuokoa wewe mwenyewe." Nina vyeti vya ualimu ukutani, vingine vina fremu. Hakuna hata kimoja kilichonifurahisha kama maneno yale, na nilitoka pale kifua mbele.

Sasa siku za kliniki nesi huniomba nizungumze na wagonjwa wapya, nami huenda na kioo changu mkobani ili wakione. Wiki iliyopita baba mmoja, mkulima wa zabibu, alininyooshea mguu mbele ya benchi zima.

"Mwalimu, mimi yangu ni migumu. Hata msumari sisikii!"

Watu wakacheka. Nesi hakucheka, akanipa ule uzi. Nikamwambia yule baba afumbe macho na aseme "ndiyo" kila nikimgusa. Nikamgusa kidole gumba, nikagusa katikati ya unyayo, nikagusa kisigino.

"Mbona huanzi, Mwalimu?" akauliza.

Nikafungua mkoba, nikamwekea kioo changu mkononi kabla hajafumbua macho.